Pesa za maafa na orodha ya majina: nani anahesabiwa shamba na mifugo vinapopotea?

Mazungumzo na familia zilizohama makwao, viongozi wa kimila, viongozi wa kambi na viongozi wa dini

 

Kwanza tuseme neno moja wazi, ili mtu asirudi nyumbani na tumaini la bure. Hatukuja na pesa. Hatukuja kuandika majina, wala hakuna karatasi ya kutia sahihi leo. Tumekuja kuzungumza juu ya pesa ambazo serikali huwapa wakulima na wafugaji baada ya maafa kama mafuriko, maporomoko ya udongo, ukame au volkano. Tunataka tuzungumze kabla pesa hizo hazijafika, kwa sababu zikishafika hakuna anayesikiliza tena. Kila mtu anatazama tu kama jina lake limo.

Neno letu la leo ni hili: pesa za maafa zinaweza kuponya kijiji, na pesa hizo hizo zinaweza kukipasua. Tofauti haiko sana katika wingi wa pesa. Iko katika orodha: nani aliiandika, aliuliza nini, aliisoma wapi, na mtu aliyesahauliwa alipewa nafasi gani ya kusema.

Kile ambacho maji yalichukua

Wote tunakumbuka Kalehe. Siku ya alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya teritwari ya Kalehe, katika Kivu Kusini. Mito ikafurika na kushuka na matope na mawe mpaka ziwani. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi viliharibiwa. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko pale Nyamukubi, kwa hiyo walipotea wenyeji pamoja na watu waliokuja kuuza na kununua. Zaidi ya watu 400 walihesabiwa kuwa wamekufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Serikali ilitangaza tarehe 8 Mei 2023 kuwa siku ya maombolezo ya taifa zima.

Tunakumbuka pia Nyiragongo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka, na moto ukashuka juu ya nyumba na mashamba ya teritwari ya Nyiragongo mpaka karibu na mji wa Goma. Ulikuwa umefanya hivyo tarehe 17 Januari 2002, na kabla ya hapo mwaka 1977. Mahali lava ilipopita, jembe haliingii kwa miaka mingi.

Baada ya maafa namna hii, msaada wa kwanza ni ule wa kuokoa uhai: maji safi, unga, maharagi, maturubai, dawa, sufuria. Msaada huo ni lazima, na tunawashukuru wote waliouleta. Lakini mkulima na mfugaji wamepoteza kitu kingine ambacho unga haurudishi. Mkulima amepoteza udongo wenyewe, mbegu alizoweka kwa msimu ujao, migomba iliyochukua miaka kukua, na jembe. Mfugaji amepoteza ng'ombe aliyekuwa akiba yake, karo ya shule ya mtoto na mahari ya kijana. Akila unga wa msaada miezi mitatu, mwezi wa nne atakuwa pale pale, mikono mitupu. Ndiyo maana katika nchi nyingi serikali imeweka malipo ya aina nyingine, yanayoangalia hasara ya kazi ya mtu: mazao yaliyopotea, wanyama waliokufa, malisho yaliyokauka. Malipo hayo ndiyo tunayoyazungumza leo.

Magomvi yanaanzia kwenye swali

Watu hufikiri magomvi yanaanza siku ya kugawa. Hapana, yanaanza siku ya kuuliza. Tuchukue mfano wa kufikirika, wa mlima mmoja juu ya ziwa.

Shamba ni la mzee anayekaa mjini Bukavu. Analima hapo mama mmoja aliyelichukua kwa bwasa. Katika Buhavu na Bushi wote mnajua maana yake: mtu anapewa kulima kwa muda mfupi, analipa kwa pesa, kwa mazao au kwa siku za kazi, na haruhusiwi kupanda kahawa wala migomba, kwa sababu ardhi si yake. Jirani yake ana kalinzi, yaani haki ya kudumu ambayo baba yake aliipata kwa kutoa ng'ombe kwa mwenye ardhi, na ambayo watoto wanairithi. Chini kidogo kuna familia iliyokimbia vita, imepewa kipande cha kupanda mboga bila kulipa kitu. Na juu, kwenye malisho, kijana anachunga ng'ombe kumi: wanne ni wa baba yake, sita ni wa watu wengine waliomkabidhi awachungie.

Mvua inakuja, mlima unaporomoka. Kesho yake anafika mtu wa serikali na daftari. Akiuliza, «Shamba hili ni la nani?» ataandika jina la mzee wa Bukavu, na yule mama aliyepoteza maharagi yote ya msimu hatapata kitu. Akiuliza, «Mazao yalikuwa ya nani?» ataandika jina la mama, na mzee atasema ameibiwa. Akiuliza, «Nani ana karatasi?» atakayebaki pengine ni mtu mmoja tu. Akiuliza, «Nani ni mwenyeji wa hapa?» familia iliyokimbia vita imekwisha kufutwa. Na yule kijana mchungaji akisema ng'ombe kumi, wakulima watasema amedanganya, kwa sababu wanajua baba yake ana wanne.

Angalieni: hapo hakuna mwizi. Mzee amepoteza udongo, mama amepoteza mavuno, familia iliyohama imepoteza chakula chake, kijana amepoteza wanyama, na watu sita waliomwamini wamepoteza mali yao. Wote wanasema kweli. Lakini daftari lina mstari mmoja tu, na wote wanagombania mstari huo. Kama mzee na mama ni wa makabila mawili, au kama mchungaji na wakulima wana magomvi ya zamani juu ya njia za ng'ombe, basi baada ya juma moja hakuna atakayekumbuka kwamba tatizo lilikuwa swali baya. Watu watasema: «Wale wametunyima.» Na neno «wale», ndugu zetu, tunajua limetufikisha wapi katika Kivu.

Mfano wa mbali: Marekani

Mtatuuliza kwa nini tunawapeleka mbali mpaka Marekani. Ni kwa sababu nchi ile imelipa wakulima na wafugaji baada ya maafa kwa miaka mingi, na katika njia hiyo yamo mazuri ya kuiga na mabaya ya kuogopa.

Kule kuna eneo la utawala linaloitwa kaunti, ambalo tunaweza kulilinganisha na teritwari yetu. Karibu katika kila kaunti ya wakulima kuna ofisi ya wizara ya kilimo, na kando yake kuna kamati ya wakulima wenyewe. Kamati hizo zina watu 3 mpaka 11. Wanachaguliwa kwa kura na wakulima na wafugaji wa hapo, na wanakaa miaka mitatu. Mawazo ya kuziweka yalitoka katika miaka ya 1930, kusudi uamuzi usitoke mbali kwa mtu asiyejua udongo wa pale.

Kanuni inajulikana kabla ya maafa. Kwa ukame, kuna ramani inayotolewa kila alhamisi tangu mwaka 1999, yenye rangi zinazoonyesha ukali wa ukame. Rangi ya kaunti ikifika kiwango fulani kwa muda uliowekwa, wafugaji wenye malisho hapo wanaruhusiwa kuomba malipo. Hakuna haja ya kumbembeleza mkubwa. Kila mtu anaiona ramani ile ile, tajiri na maskini.

Kwa wanyama waliouawa na hali mbaya ya hewa, serikali hulipa asilimia 75 ya bei ya wastani ya sokoni kwa mnyama wa aina hiyo. Mfugaji anatakiwa kuonyesha ushahidi, kwa mfano picha, karatasi za kununulia au barua ya daktari wa mifugo. Kama hana ushahidi mwingine wa kutosha, anaweza kuleta mtu mwingine, asiye na faida katika jambo hilo, aliyejua kwamba wanyama walikuwepo na wamekufa. Shikeni sana jambo hilo la shahidi. Tutalirudia.

Sasa tuangalie upande wa pili. Kamati zilichaguliwa, kanuni ziliandikwa, na hata hivyo haki ilivunjika. Katika sehemu nyingi, hasa kusini mwa nchi ile, kwa muda mrefu kamati zilikuwa za Wazungu karibu peke yao. Wakulima weusi walilalamika kwamba wananyimwa mikopo na misaada, au wanapewa wakati msimu umekwisha kupita. Mwaka 1920 wakulima weusi wa Marekani walikuwa zaidi ya 900,000. Mwaka 1997 walihesabiwa chini ya 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kunyimwa haki ofisini ilikuwa mojawapo. Mwaka 1997 wakaenda mahakamani, na mwaka 1999 serikali ilikubali kulipa. Maelfu walipata dola 50,000 kila mmoja. Mwaka 2010 serikali ikaahidi dola milioni 1,250 nyingine kwa wale waliochelewa kusikilizwa. Na mwezi wa 7 mwaka 2024 ililipa karibu dola milioni 2,000 kwa watu zaidi ya 43,000 waliosema walibaguliwa katika mikopo ya kilimo.

Pesa hizo ni nyingi sana. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na mashamba yalikuwa yamekwenda kwa wengine. Tunajifunza kwamba kamati ya kuchaguliwa haitoshi kama kundi moja ndilo linalojaza viti vyote. Na haki inayokuja baada ya miaka 30 hairudishi shamba.

Mfano wa karibu: Kenya

Jirani yetu Kenya ana kaunti kavu za kaskazini, kama Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ambako watu wanaishi kwa mifugo. Kule kuna mpango wa serikali unaolipa familia maskini pesa, ili njaa isiwamalize. Katika awamu ya pili ya mpango huo, iliyoanza mwaka 2013, hawakungoja ukame ndipo waandike majina. Waliandikisha familia za kaunti hizo nne mapema, na familia nyingi zikafunguliwa akaunti benki. Karibu familia 100,000 zilikuwa zinapata pesa kwa kawaida. Nyingine zilikaa na akaunti tupu, zikijua kwamba ukame ukizidi, pesa zitapita humo. Mnaona akili yake: jina linaandikwa wakati watu wametulia, si wakati wana njaa na hasira.

Tena kuna bima ya mifugo. Ilijaribiwa Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2015 serikali ikaanza kuwalipia bima wafugaji wa Turkana na Wajir. Bima hiyo haihesabu mizoga. Mitambo iliyo angani inaangalia kama majani ni kijani au yamekauka. Yakikauka kupita kiwango, mfugaji analipwa ili anunue majani, maji na dawa kabla ng'ombe hajafa. Faida yake ni kwamba hakuna anayeweza kudanganya hesabu. Kasoro yake ni kwamba mtambo unaangalia eneo kubwa. Malisho ya eneo zima yakionekana mazuri, mfugaji ambaye kona yake imekauka hapati kitu, na ni vigumu kumweleza kwa nini.

Kwa hiyo hakuna njia iliyo kamili. Lakini zote mbili, ya Marekani na ya Kenya, zinatufundisha jambo moja: kanuni ijulikane kabla, na ijulikane kwa wote.

Na sisi huku kwetu?

Huku kwetu mkulima wa kawaida hana malipo ya hakika ya kutegemea baada ya maafa. Kinachokuja ni msaada wa dharura, wa serikali au wa wafadhili, mara nyingine vitu, mara nyingine pesa kwa simu. Unakuja kwa haraka na hautoshi wote. Ndiyo sababu orodha yetu ina hatari zaidi. Panapokuwa na kidogo, kila jina linaloingia linaonekana limemtoa mwingine.

Tena maafa yetu hayaji peke yake. Familia za kando ya ziwa, huko Minova na kwingineko Kalehe, zilipokea watu waliokimbia vita vya Masisi mwaka 2023 na 2024. Katika nyumba moja analala aliyepoteza shamba kwa mafuriko pamoja na aliyelipoteza kwa risasi. Msaada ukija kwa mmoja tu, siku hiyo sahani inakuwa chungu.

Hata hivyo hatukosi mahali pa kusimama. Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya watu waliohama ndani ya nchi zao, uliopitishwa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009, unawahesabu waliohamishwa na vita pamoja na waliohamishwa na maafa ya asili. Unasema kwamba nchi iliyoukubali, ikiacha kuwalinda na kuwasaidia watu hao wakati wa maafa ya asili, inawajibika kuwalipa fidia. Unasema pia kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupewa karatasi kwa jina lake mwenyewe. Viongozi, maneno hayo ni silaha isiyomwaga damu. Tuyajue.

Sasa tunapendekeza mambo sita ambayo kijiji au kambi inaweza kuyafanya bila kungoja mtu kutoka Kinshasa.

La kwanza: kanuni kabla ya majina. Kabla ya kuandika mtu yeyote, watu wakusanyike waambiwe: tunahesabu hasara gani, tangu tarehe gani, katika vijiji gani, na kama pesa hazitoshi nani ataanza. Kama mnakubaliana kuanza na wajane, wazee na wenye ulemavu, semeni hivyo wakati hakuna anayejua jina la nani litatoka.

La pili: daftari liwe na mistari zaidi ya mmoja. Udongo ulikuwa wa nani, mazao yalikuwa ya nani, wanyama walikuwa wa nani, na nani alikuwa anawachunga. Mwenye shamba na mwenye bwasa wasigombanishwe, kwa maana hasara zao ni mbili. Mwenye shamba amepoteza udongo, na mara nyingi jibu lake ni kazi ya kuurudisha, kama kuchimba mitaro na kupanda miti. Aliyelima amepoteza msimu, na jibu lake ni mbegu na pesa ya kula mpaka mavuno.

La tatu: kamati isijazwe na upande mmoja. Wawemo wakulima na wafugaji, wenyeji na waliohama, wanawake wenye sauti wala si wa kujaza viti, na kijana anayejua kusoma. Wanaoandika majina wasiwe wale wale wanaogawa pesa. Pale ambapo baraza la kilimo la teritwari, lile la CARG, linafanya kazi, lipewe nakala ya orodha.

La nne: ushahidi wa jirani. Kadi ya uchaguzi imekwenda na maji, karatasi ya shamba haikuwepo hata kabla ya mvua, mzoga wa ng'ombe umekwisha kuzikwa. Tusimnyime mtu kwa sababu hiyo. Alete mashahidi wawili. Tunaomba hivi: mfugaji ashuhudiwe na angalau mkulima mmoja, na mkulima ashuhudiwe na angalau mfugaji mmoja. Mwenyeji amshuhudie aliyehama, na aliyehama amshuhudie mwenyeji aliyempokea. Jambo hili linazuia uongo, kwa sababu ni vigumu kupanga uongo na mtu wa upande wa pili. Tena linawalazimisha watu ambao hawasalimiani kutembeleana nyumbani. Kuna mapatano yanayoanza hapo, bila hotuba wala mkutano mkubwa.

La tano: mwanamke aandikwe kwa jina lake. Mama aliyelima kwa bwasa ndiye aliyepoteza, hata kama bwana yake ndiye mwenye simu. Mjane asingoje shemeji amsemee. Kwenye familia ya wake wawili, kila mama na jiko lake.

La sita: orodha isomwe mbele ya watu, siku ya soko, kanisani na msikitini, na ibandikwe ukutani. Kisha ziachwe siku, saba kwa mfano, za kusikiliza malalamiko kabla ya kulipa hata franga moja. Wanaosikiliza malalamiko wasiwe walioandika orodha. Jina likiondolewa au likiongezwa, sababu isemwe hadharani. Orodha inayofichwa kwenye mfuko wa mtu, hata ikiwa ya kweli, itaitwa ya uongo.

Kwa familia: kazi ya nyumbani

Mama zetu, baba zetu, msingoje mwandishi afike. Chukueni daftari la mtoto la shule, andikeni leo. Shamba liko wapi na linapakana na nani. Mlilipata kwa njia gani: urithi, kalinzi, bwasa, kununua, au kwa huruma ya mtu. Mlipanda nini, kiasi gani cha mbegu. Mna wanyama wangapi, wa rangi gani, ni wenu au mmekabidhiwa. Waliopotea, walipotea tarehe gani. Nani aliona. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake au mwalimu. Mwenye simu ya picha apige picha ya shamba kabla ya mvua na baada ya mvua. Na daftari hilo lisikae nyumbani tu. Nakala moja ikae kwa ndugu anayeishi mahali pengine, kwa sababu maji hayachagui nguo na kuacha karatasi.

Msinunue nafasi katika orodha. Mtu akiwaambia, «Nipe kidogo nikuweke», mjue mambo mawili. Kama ana uwezo wa kukuweka kwa pesa, ana uwezo wa kukutoa kwa pesa kubwa zaidi. Na anayenunua jina amefukuza mtu mwingine asiye na cha kutoa, pengine yule aliyepoteza mtoto. Kataeni, na mlete habari kwa kamati ya malalamiko mkiwa wawili au watatu, ili mmoja asiandamwe peke yake.

Jina lako likikosekana, nenda mchana, pamoja na mashahidi wako, na useme hasara yako. Usiseme kabila la aliyeandikwa. Ukisema, «Nilipoteza mbuzi watano na fulani ni shahidi wangu», kamati ina kitu cha kuchunguza. Ukisema, «Wale wamependelewa», hakuna cha kuchunguza, kuna cha kupigania tu. Na zile sauti za simu zinazosambazwa usiku, zikisema fulani wamekula pesa zetu, zisipite mkononi mwako kabla hujauliza.

Kwa viongozi

Waheshimiwa, mnabebeshwa mzigo mzito. Ndugu zenu wanataka kuwa wa kwanza, na wakubwa wa juu wanataka majina kesho asubuhi. Tunajua kwamba mara nyingine mnapewa siku mbili za kufanya kazi ya wiki mbili. Ombeni siku zaidi. Mkinyimwa, basi angalau orodha isomwe kwa sauti kabla haijaondoka kijijini. Kusoma kwa sauti hakuchukui zaidi ya saa moja.

Ndugu wa kiongozi aliyepata hasara ana haki kama wengine. Lakini hasara yake ichunguzwe na wengine, na jina lake lisomwe kama majina mengine. Kiongozi anayefanya hivyo hapotezi heshima. Siku ya magomvi mengine, juu ya mpaka wa shamba au ng'ombe walioingia katika mahindi, watu watamkimbilia kwa sababu waliona mikono yake.

Wala tusisahau kwamba malipo si dawa ya mlima wenyewe. Kulipwa hasara na kurudi kulima mahali pale pale, juu ya mteremko usio na mti hata mmoja, ni kungoja mvua nyingine. Wakulima na wafugaji wakikaa pamoja kwa ajili ya orodha, wasiondoke bila kuzungumza pia juu ya miti, mitaro, njia za ng'ombe, na mahali ambapo nyumba zisijengwe tena.

Maswali ya kujadiliana

Tunawaachia maswali manne. Jadilianeni katika vikundi, wanawake na wanaume, wenyeji na waliohama, kisha mletane pamoja.

1. Maafa yakitokea leo usiku, nani hapa kwetu ataandika majina kesho? Je, wafugaji, wanawake na waliohama wana mtu wao ndani?

2. Katika kijiji chetu, nani wanalima ardhi isiyo yao, na orodha iliyopita iliwahesabu namna gani?

3. Mtu aliyesahauliwa anakwenda kulalamika kwa nani? Je, anaweza kwenda bila woga?

4. Ni jirani gani wa upande wa pili ambaye ungemwomba awe shahidi wako? Kama hayupo hata mmoja, tufanye nini ili apatikane kabla ya mvua?

Swali la nne ndilo tunalolitaka mlibebe nyumbani. Anayejua mali ya jirani yake na yuko tayari kuisemea ukweli anamlinda kuliko karatasi nyingi. Msimu wa mvua unakuja kila mwaka, na hatujui ni mlima gani utakaoshuka. Tuanze na daftari jioni hii, na kesho tumtembelee huyo jirani.